Mnaosema Bongo hakuna waigizaji, mmewaangalia akina nani?

Wakuu, leo naomba mnivumilie maana nimechoka kweli.

Haiishi wiki bila mtu kuja kutangaza kwamba Bongo muvi imekufa, hakuna waigizaji, kumebaki kulia na kugombania wanaume. Watu wanamuunga mkono, uzi unajaa. Ukimuuliza filamu ya mwisho ya Kiswahili aliyoikalia kuanzia mwanzo hadi mwisho ni ipi, anakutajia za enzi za mwigizaji Steven Kanumba. Kanumba, Mungu amrehemu, alifariki Aprili 2012. Yaani tangu hapo hujafungua kitu, na bado una ujasiri wa kuhukumu kazi za watu!

Nianze na jina moja: Godliver Gordian. Wangapi humu mnamfahamu? Filamu inaitwa Aisha, ya mwaka 2015, imeongozwa na Chande Omar, imechezwa Pangani. Mwanamke anatoka mjini anarudi kwao kwa ajili ya harusi, anabakwa na kundi la vijana, halafu anakuta watu wa kwao wanataka jambo lifunikwe, lisivuke uzio. Kwa filamu tulizozoea, hapo mwigizaji angepewa dakika kumi za kupiga mayowe. Godliver hachezi hivyo. Mwangalie anavyowatazama watu waliomlea, wale wale ambao sasa hawataki kumsikia. Unaona mtu anahesabu kimya kimya nani bado ni ndugu yake na nani siye. Hayo ni maigizo ya kiwango ambacho tukikiona kwa Mkorea tunapiga makofi na jina lake tunalishika kwa kichwa, kwa herufi zake zote.

Mwaka 2021 akaja tena kwenye Binti, iliyoongozwa na Seko Shamte, filamu ya wanawake wanne wa Dar es Salaam, akiwa Rose. Ilifika hadi Netflix. Nikawaza, sasa watu watashtuka. Kilichotrendi wiki ile mtaani kwetu ni nani kaachana na nani.

Na hapa ndipo penye ugomvi wangu. Siku hizi stelingi anatafutwa Instagram. Prodyuza anauliza wafuasi wangapi kabla ya kuuliza kama mtu anaweza kushika mistari. Kuna filamu niliinunua kwa hela yangu, kwenye kava kuna sura ya mrembo maarufu imejaa kava zima. Ndani ametokea mara mbili, mara zote amekaa kwenye kochi na simu. Aliyeibeba filamu nzima mgongoni, mama mmoja mtu mzima anayecheza kama amezaliwa kwenye ile nyumba, hayupo hata kwa pembeni ya kava. Nikasema nisubiri majina ya mwisho angalau nimjue. Yamepita mbio, herufi ndogo kama za dawa, huwezi kusoma hata ukisimamisha.

Kwenye televisheni ndiyo kabisa. Filamu ikiisha tu, kabla jina la kwanza halijapanda, wanakata wanaweka tangazo la sabuni. Nimewahi kuipigia simu stesheni moja kulalamika, wakaniona sina kazi ya kufanya. Jamani, jina la mwigizaji ndiyo mshahara wake wa pili! Mlo wa kesho unatokana na mtu kulijua jina lake leo. Ukilikata, umemnyang'anya.

Ayoub Bombwe mnamjua? Filamu ni Bahasha, 2018, mwongozaji Jordan Riber. Anacheza mla rushwa, na hamchezi kama jambazi wa kwenye katuni, anamcheza kama baba yako mdogo, mtu mwenye heshima zake ambaye amejiaminisha kwamba safari hii tu. Unamwelewa, na ndiyo maana unamchukia. Mwaka huohuo, mwongozaji huyohuyo ana Fatuma, na Beatrice Taisamo humo ni mkulima ambaye unaamini kabisa kwamba jembe analijua. Tuzo kubwa za umaarufu zikija, nani anapiga kura kwa ajili ya mkulima?

Halafu kuna filamu ya Vuta N'Kuvute, mwongozaji Amil Shivji. Hiyo inaniuma zaidi. Kitabu cha Adam Shafi watu wamekikariri kidato cha tano na cha sita, wahusika wote wanawajua, dhamira wanazitaja hata usingizini. Filamu ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto 2021, mwaka uliofuata ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Oscar, mara ya kwanza tangu filamu ya Maangamizi ya 2001. Na watu waliofaulu mtihani kwa kitabu hicho hawajui kama ina filamu! Siti Amina, mwimbaji wa Zanzibar, anamcheza Mwajuma. Akiingia tu Mwajuma, filamu inapata joto, nyumba inanukia udi. Wazungu wamemwona kabla ya watu wa Ng'ambo, mtaani pale Zanzibar, kumwona.

Najua mtakuja na hoja kwamba filamu hizi hazipatikani. Ni kweli, na hilo nawalaumu wenye filamu na wenye kumbi bila kumumunya. Ukumbi mmoja hapa mjini uliipangia filamu ya Kitanzania saa nane mchana siku ya kazi, baada ya muda mfupi wakaitoa eti haina watu. Watu watoke wapi saa nane mchana? Kazini wamuage nani? Na wenye filamu nao, mkishazungusha matamasha ya nje, turudishieni kazi nyumbani. Wekeni mahali mtu alipe elfu mbili, elfu tatu kwa simu aangalie. Tunalipia bando kuangalia upuuzi, tutashindwa hiyo?

Ila sitakubali hoja hiyo ifunike yote. Wakenya mnaosoma hapa, filamu yenu Supa Modo ya 2018 mnaijua kwa sababu ya yule mtoto mgonjwa, na anastahili. Lakini mtajieni mtu Marianne Nungo, mama yake humo ndani, mkunga anayepokea watoto wa wenzake huku wa kwake anamponyoka. Tazama tu mikono yake. Wangapi wanalijua jina?

Na wa mwisho, Profesa Amandina Lihamba. Kwenye Maangamizi anacheza Samehe, mgonjwa ambaye hajatamka neno kwa miaka. Mwigizaji amenyimwa sauti, silaha yake kubwa, na bado huwezi kumwondolea macho. Kabla ya hapo alikuwa kwenye Arusi ya Mariamu, 1985. Hizi zilitakiwa ziwe zinaonyeshwa kila mwaka kwa wanafunzi wa sanaa. Nimezunguka maduka ya muvi hadi nimechoka, wauzaji wananijibu hawajawahi kuzisikia.

Mwenye kujua zinakopatikana kihalali aandike hapa chini, nitalipia. Na anayebisha kuhusu hao niliowataja aangalie kwanza, ndipo aje tubishane.