Tupeane uzoefu: starehe mpya na ndugu au marafiki iliyokutokea puani

Mzee wa Malaba
Wakuu, habari za Jumapili. Leo shemeji yangu katuma picha kwenye grupu la familia, anataka Krismasi twende wote Ziwa Bunyonyi, hapa kwetu Uganda. Nimecheka peke yangu hadi mke akaniuliza nimeona nini.

Mimi huko nilishafika, na binamu zangu wawili na rafiki mmoja wa kazini. Tukakodi mtumbwi wa gogo, ule wa kuchonga, kwa kuwa tuliona watoto wa shule wanaupiga kasia kama mchezo. Kutoka tu gatini, mtumbwi ukaanza kuzunguka. Hauendi, unazunguka. Unapiga kasia kulia, unageukia kushoto. Ukijitia kuurekebisha, unaangalia tena ulikotoka. Saa nzima tuko mita 50 kutoka nchi kavu, kina mama na mboga zao za sokoni wanatupita na kutusalimia vizuri tu. Binamu mkubwa akaanza kutoa amri kama afande. Mdogo akamwambia kama unajua sana, shuka utembee. Mpaka leo hao wawili hawapandi gari moja.

Funzo langu: mlipeni mwenyeji awapigie kasia, nyinyi mkae mle kamba wa pale. Haya, nani mwingine yalimkuta?

Fundi Simu
Hapo kwenye kuzunguka nimekuelewa sana mzee.

Kijana wa Kasese
Na hapo mlipokuwa mnazunguka chini ni mita 900. Ziwa la pili kwa kina Afrika. Mshukuru Mungu.

Ticha Mstaafu
Kijana, hizo 900 unaambiwa na wapiga kasia ili uongeze bakshishi. Waliopima wamepata kama 40 hivi. La kwanza kwa kina ni Tanganyika, la pili ni Nyasa. Hii ni jiografia ya shule ya msingi.

Kijana wa Kasese
Ulipima wewe?

Ticha Mstaafu
Wewe ulipima?

MamaPacha
Ziwe 40 ziwe 900, asiyejua kuogelea anazama kwenye 2. Tuendelee.

Mimi yalinikuta Sipi. Kikundi chetu cha akiba kiliamua mwisho wa mwaka badala ya kugawana sukari na mchele twende tukaone maporomoko. Wanawake 14, hakuna hata mmoja aliyeuliza juu ya viatu. Mimi nilivaa sandali za kanisani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo wa Kapchorwa ukilowa ni sabuni. Mweka hazina aliteleza kwa makalio, mkoba wa pesa kaukumbatia kifuani kama mtoto. Akafika chini kabla ya mwongozaji.

Sasa kule juu tulipoanzia alikuwepo kijana anauza fimbo, 1,000. Tukamcheka, sisi si vikongwe. Tulipofika chini tukamkuta yuko hapohapo, sijui kapita wapi, fimbo zilezile sasa ni 3,000. Tulinunua 14.

Binti Bombo
Huyo kijana atakuwa waziri wa fedha.

Mkwe Mpole
Sikutaka kuandika ila mada hii imenitonesha kidonda.

Mwaka juzi, Jinja. Mke wangu anatimiza miaka 30, ndugu zake wakaamua tukapande boti la mpira kwenye Nile. Mimi nimekulia Moroto, maji ya kutisha namna ile kwetu hatuna. Nikakubali, ningefanyaje. Mama mkwe alikuja kushangilia tu, akae ukingoni na thamosi yake ya chai.

Mnawajua Waganda na habari za mkwe. Miaka sita ya ndoa sijawahi hata kumpa mkono. Akija nyumbani namsalimia nikiwa mlangoni. Akipita kwenye korido, mimi najibanza jikoni mpaka apite. Hatuchukiani. Ni heshima, na wote wawili tumeizoea.

Kijana wa boti hayajui hayo. Akamwambia, "Jjajja (bibi), ipo safari ya familia, mawimbi madogo, hata watoto wanapanda." Mashemeji wakapiga makofi. Mama akaingia garini na gomesi, lile vazi refu la heshima, akatoka na suruali ya mazoezi ya mjukuu wake. Mimi hapo nilishaanza kuangalia miti.

Nikasimama mwisho wa mstari makusudi ili nikae mbali naye. Kumbe wanapanga kwa uzito! Wepesi mbele, wazito nyuma. Mimi nina kilo 104. Mama naye, Mungu amzidishie umri, si mwepesi. Tukawekwa nyuma wote wawili, kati yetu nafasi ya kuku mmoja. Nikampa mgongo. Mwongozaji akafoka, "Wewe wa nyuma, tazama mbele!"

Kabla ya kuondoka walikuwa wametufundisha. Ukianguka lala chali, miguu itangulie maji yanakoelekea, usijaribu kusimama maana mguu utanasa kwenye mawe. Na ukimvuta mwenzako, mshike mabega ya jaketi, usimvute mkono. Nilipolisikia hilo la mabega nikasema moyoni, hili halinihusu.

Wimbi la pili tu, lile wanaloliita la watoto, boti likainuka upande wetu. Sijui lilipindukaje. Nilisikia baridi masikioni, halafu kimya. Nikaibuka. Naona kasia linaelea, naona kandambili ya mtu, naona mashemeji wameng'ang'ania boti wanacheka. Halafu helmeti ya njano ikapita mbele yangu, na chini ya helmeti ni mama mkwe, macho yamemtoka, ananitazama. Yule wa kayaki ya uokozi yuko upande wa pili anamshughulikia mtu mwingine.

Wakuu, nakiri niliwaza. Sekunde mbili au tatu, mtu anasombwa na maji na mimi natafakari mila. Nadhani naye alikuwa anatafakari hayohayo, maana hakunyoosha mkono. Kisha akameza maji, akakohoa. Nikamkamata mabega yote mawili ya jaketi, nikavuta, tukaenda kugonga boti pamoja. Kumpandisha botini sisimulii. Mwongozaji anavuta kutoka juu, mimi nasukuma kutoka chini. Nilisukuma wapi, msiniulize.

Ukingoni hakuna aliyesema neno. Mama akaingia garini, akapandisha kioo. Hadi Kampala ni kimya, na pale msitu wa Mabira tulikwama nyuma ya malori karibu saa nzima. Usiku ule mikono ikaanza kunitetemeka. Mke anasema ni baridi na woga. Shangazi yake anasema ni obuko, ule ugonjwa wa kutetemeka ambao Waganda husema humpata aliyegusana na mkwe. Tangu siku hiyo mama hajaja kwetu. Nishaurini.

Binti Bombo
"Nafasi ya kuku mmoja." Nimekufa mimi.

Fundi Simu
Ulishika jaketi, hukushika mtu. Kesi imekwisha.

Ssenga Mtandaoni
Haijaisha. Jaketi sawa, na kusukuma je? Obuko si mchezo, mkono wa mkwe ukishagusa umegusa. Wazee wa pande zote wakae, aeleze mwenyewe, apeleke kitu. Awe kuku awe mbuzi, watakubaliana.

Kijana wa Kasese
Umwokoe mtu halafu ulipe mbuzi? Nyinyi Waganda mngependa azame?

Ssenga Mtandaoni
Nani kasema azame? Kuna watu wa kuokoa pale, wanalipwa. Na wewe umetoka kwenye ziwa la mita 900 huna adabu bado.

Mtoto wa Jinja
Nawasikitikia. Mnapinduliwa na vimawimbi vya watoto. Enzi zetu, kabla bwawa la 2012 halijayafunika maporomoko ya Bujagali, yale ndiyo yalikuwa maji. Vijana walikuwa wanaruka mle na dumu la plastiki.

MamaPacha
Na wewe uliruka?

Mtoto wa Jinja
Nilikuwa natazama.

Ticha Mstaafu
Kutetemeka kunatokana na baridi na mshtuko. Kaa na nguo mbichi kwa muda wa saa tatu uone kama hutatetemeka, hata kama mkwe wako yuko Marekani. Mara nyingine vua nguo za maji hapohapo, unywe uji wa moto. Na mshukuru hayo majaketi. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama Ziwa Victoria upande wa Mukono, wakafa zaidi ya watu 30. Wale nao walikuwa wametoka kustarehe na rafiki zao.

Binti Bombo
Ticha, hiyo nilikuwa nimeisahau. Nilikuwa na jirani mle.

Mzee wa Malaba
Pole sana binti.

Mvuvi Mvivu
Samahani, nirudi kwenye mada. Sisi tulikwenda visiwa vya Ssese, marafiki saba, mara ya kwanza kulala kwenye hema. Kivuko cha Nakiwogo wakati ule kilikuwa kinang'oa nanga saa nane mchana. Mwenye nyama na mkaa alikuwa bado Entebbe mjini anatafuta miwani ya jua. Baada ya safari ya saa tatu na nusu majini, tumefika Kalangala na sufuria mbili, vitunguu na spika. Tulikula samaki wa watu kwa mkopo. Yeye siku hiyo alikula nyama zote na wanae.

Fundi Simu
Mkwe Mpole, mama alisema nini hasa? Usituache hivi.

Babu wa Mweso
Kaeni nyumbani mcheze mweso, bao letu. Mashimo 32, kete 64, hakuna anayelowa.

Kijana wa Kasese
Mweso ndio uliotutenganisha na baba mdogo. Alikuwa anaficha kete kwenye mkono wa kanzu.

Ssenga Mtandaoni
Mkwe Mpole, mwanangu, nilikuwa mkali. Ila peleka hata sukari. Tanguliza mke, wewe baki mlangoni kama kawaida yako.

MamaPacha
Usipeleke chochote. Ukipeleka umekubali kosa, na mwakani watakudai ng'ombe.

Mkwe Mpole
Nimemwonyesha mke haya yote, kampigia mama sasa hivi, simu iko kwenye spika, mimi nimejificha chumbani. Habari ya kushikwa hajaigusa kabisa. Kwanza kauliza thamosi yake, maana tuliisahau ukingoni. Pili anataka kujua ni nani alimwambia yule kijana kwamba yeye akae na wazito.

Wakuu, sikumwambia mimi. Lakini wakati kijana anatupanga, mashemeji waliniona nikitikisa kichwa.

Fundi Simu
Hilo sasa ni la mbuzi wawili. Halafu, simu zenu zilipona? Kama kuna iliyoingia Nile, msiiweke kwenye mchele. Ileteni ikiwa imezimwa.