Naomba ushauri: maandishi ya kibao cha kumbukumbu ya askari aliyeuawa kazini

Wakuu, naomba ushauri kabla fundi hajaanza kuchonga. Kibao ni cha graniti nyeusi, sm 60 kwa 40, unene sm 3, kitafungwa ukutani nje ya kituo. Herufi zitachongwa kuzama ndani ya jiwe. Rangi ya kupaka juu tu hubanduka kwa jua. Pini nne ni za chuma kisichoshika kutu, maana nondo ya kawaida ikishika kutu huvimba na kupasua jiwe kuanzia kwenye tundu. Hapo sina shaka.

Ninapokwama ni maandishi. Jina, namba ya askari na tarehe vitanakiliwa kutoka jalada lake la utumishi, na familia itasaini karatasi yenye ukubwa uleule wa kibao, kwa sababu herufi ikikosewa kwenye graniti haifutiki. Ila cheo je? Kama alipandishwa baada ya kifo, kiandikwe kipya au kile alichokuwa nacho siku ile? Na "aliuawa akiwa kazini" au "alifariki"? Naona "alifariki" linaficha jambo, lakini mjane ndiye atakayelisoma kila akipita. Mliowahi kusimamia kazi hii, mliamuaje?