Tupeane uzoefu: mchanga na chumvi vimekufunza nini kwenye pikipiki yako ya porini?

Mwanzilishi, Malindi mjini
Salaam ndugu zangu. Nina Yamaha DT 125 kuukuu, ya stroki mbili. Kaskazi iliyopita ilianza kuchoka njia ya Marafa: ukivuta mafuta inaguguma, plagi ukiitoa ni nyeusi, imelowa. Nilibadilisha plagi 3. Nikachezea skrubu za kabureta hadi nikasahau zilikuwa wapi mwanzo. Kumbe sponji ya chujio la hewa ilijaa vumbi jekundu, injini haipumui, na injini ikikosa hewa petroli inazidi. Nikalifua chujio, nikazipanga skrubu upya, jioni ile ile ikavuma.

Naanza kulifua kwa mafuta taa, halafu maji ya vuguvugu na sabuni. Naminya kwa viganja, sisokoti kama nguo, sponji itachanika. Likikauka kivulini nalipaka oili ya chujio na kuminya ziada itoke. Petroli sigusi tena, ilishanibandulia gundi ya maungio. Wenye visa, leteni.

Wa Mambrui
Kaka, changu ni tairi. Kwenye vilima vya mchanga nilishusha hewa hadi psi 10, tairi litanuke lisizame. Lilitanuka kweli, ila rimu yangu haikuwa na kibano cha kulishika. Nilipovuta kwa nguvu tairi likazunguka juu ya rimu, likaburuta tyubu, valvu ikang'oka. Nilisukuma mchangani saa nzima, jua la saa saba. Sasa kibano nimefunga, naishia 14, na pampu ya mkono haitoki begini. Ukirudi njia ya mawe na hewa kidogo hivyo, shimo la kwanza tu linaibana tyubu na rimu, kwisha.

Mama wa Gongoni
Hamjambo wanangu. Mimi jirani yangu ni mashamba ya chumvi. Pikipiki ilikuwa ikizima ghafla njiani, kisha inawaka yenyewe. Kabureta ilifunguliwa mara 2 bure. Kosa lilikuwa kwenye viungo vya waya chini ya tangi: vimeota unga wa kijani. Nilivisugua kwa mswaki, nikavikausha, nikapaka grisi kidogo, haijazima tena. Na jambo moja linaniuma nikiwaona vijana: msioshe pikipiki kwa maji ya kisima yenye chumvi. Mimi nakinga ya mvua, nayaweka kwa kazi hiyo tu.

Fundi, Ganda
Nitasema kosa langu mwenyewe. Pikipiki ya mwanangu niliikaza cheni ikiwa juu ya stendi, ikakaa imenyooka, nikaridhika. Pikipiki hizi shoki zao ni ndefu. Ukiikalia, uma wa nyuma unapanda na cheni inazidi kukazika. Haukupita muda, sili ya sproketi ya mbele ikavuja oili, beringi ikaanza kulia. Siku hizi mtu anaikalia, mimi napima mchezo wa cheni, yaani inavyocheza juu na chini, pale inapokaza zaidi. Kitabu cha pikipiki yako kitakupa milimita zake, zifuate.

Kijana wa Watamu
Shikamooni wakubwa. Yangu ni stroki nne, hata ikipata moto haikai bila choki. Skrubu ya pembeni ya kabureta niifungue au niifunge?

Fundi, Ganda
Marahaba mwanangu. Tazama kwanza iko upande gani. Ikiwa upande wa chujio, inapitisha hewa: ukifungua unapunguza petroli. Ikiwa upande wa injini, ukifungua unaongeza. Za stroki nne nyingi ziko upande wa injini. Ifunge taratibu hadi iguse, usikaze, ncha yake ni nyembamba. Fungua mzunguko mmoja na nusu, washa, injini ipate moto, kisha endelea robo kwa robo ukisikiliza. Ukifika mitatu na bado haitulii, jeti ndogo, kile kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, imeziba. Ipulize kwa hewa. Waya usiingize, utalipanua tundu.

Kijana wa Watamu
Jeti ndiyo, fundi. Nilipoifungua niliona utando wa kijani, tundu halipitishi mwanga. Pikipiki ilikaa miezi 4 nikiwa safarini, petroli ikiwa ndani ya bakuli la kabureta. Leo nimekwenda Gede na kurudi bila choki.

Fundi, Ganda
Vyema. Ukisafiri tena, funga koki ya tangi na umwage lile bakuli kabla hujaondoka.