Mkaguzi kasimamisha ukuta wangu: 7.3N, DoP, chini ya DPC

Kutoka: Mama Nasra

Ndugu zangu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na uchovu, mnivumilie.

Tunaongeza chumba nyuma ya nyumba, huku Uingereza. Msingi ulipita, BCO (mkaguzi wa ujenzi) akatia saini bila shida. Akarudi kuangalia kozi (safu za matofali) za mwanzo, akakwaruza tofali kwa ufunguo wa gari, akauliza SE (mhandisi wa majengo) aliandika nini, akaondoka. Leo imekuja barua: matofali yaliyo chini ya DPC (tabaka la kuzuia unyevu usipande ukutani) hayana uthibitisho, kazi isiendelee, nipeleke DoP (tamko rasmi la kiwanda kuhusu sifa za tofali) inayoonyesha kwamba nguvu yake ni 7.3N na yanafaa kukaa ardhini. Fundi anasema 3.6 na 7.3 ni kitu kimoja, yote ya kijivu, yote mepesi. Muuzaji anasema risiti inatosha. Risiti imeandikwa "100mm" basi, hakuna kingine.

Naomba mnijibu mawili. Je, nibomoe kozi hizo, au karatasi ikipatikana sasa inakubalika? Na jibu kwa BCO naandika mwenyewe au lazima liandikwe na SE? Tarehe waliyonipa ni wiki ijayo.

---

Kutoka: Rashidi wa saiti

Pole sana dada. Matofali hayo nimeyabeba miaka mingi, ngoja nikupe picha kamili.

Tofali la milimita 440 kwa 215 kwa 100 liko la aina tatu. Kuna zito, zege la kokoto na mchanga, kati ya kilo 1,800 na 2,100 kwa mita ya ujazo, na moja linakaribia kilo 19. Kuna la kokoto nyepesi, yaani udongo uliochomwa ukavimba, au majivu ya tanuru. Ukilivunja unaona punje zenye vitundu. La tatu ni AAC, zege jepesi lililoumuliwa kwa gesi. Hilo halina kokoto kabisa. Ni mchanga laini au majivu ya makaa, saruji, chokaa na unga wa alumini. Ule unga ukikutana na chokaa hutoa gesi ya haidrojeni, mchanganyiko unaumuka, halafu unakatwa kwa waya na kupikwa kwa mvuke wenye shinikizo. Tofali zima linaweza kuwa kilo sita tu. Unalikata kwa msumeno wa mkono, unatoka unga mkavu unaoshika kwenye nyusi, na pale penye mkato pana vishimo vidogo kama sifongo.

Ufunguo wa mkaguzi ulizama, siyo? Basi ni AAC. Ushauri wangu: AAC haikai chini ya DPC. Bomoa kozi hizo, weka tofali zito, maisha yaendelee.

---

Kutoka: Mzee Shomari

Rashidi, kijana wangu, mwanzo umeeleza vizuri na mwisho umempotosha mwenzio. Mtu asibomoe ukuta kwa kusikia.

AAC inaruhusiwa chini ya DPC ikiwa kiwanda kimeitangaza kwa matumizi hayo. Yapo hata matofali mapana ya AAC yaliyotengenezwa maalumu kwa msingi, ya milimita 300, yanayobeba tabaka zote mbili za ukuta wenye uwazi katikati. Ardhini mkaguzi anatafuta mambo matatu: nguvu ya kubeba, uwezo wa kuvumilia maji yanayoganda na kuyeyuka, na kuhimili salfeti zilizomo kwenye udongo. Yote matatu yanajibiwa na karatasi za kiwanda. Rangi haijibu lolote.

Jambo ambalo watu wengi hawataki kulisikia: uzito si nguvu. Lipo AAC la 7.3, na lipo tofali la kokoto la 3.6 litakalokuvunja mgongo na bado halibebi zaidi ya lile jepesi. Ile N ni nyutoni kwa milimita ya mraba, na huku utakutana zaidi na 3.6, 7.3 na 10.4. Kwa ukuta wa juu wa nyumba ndogo, 3.6 mara nyingi inatosha. Chini ya sakafu wahandisi wengi huandika 7.3, na ndivyo alivyoandika SE wako.

Mama Nasra, fundi wako anachosema ni hatari. 3.6 na 7.3 yanafanana kwa macho tu. Viwanda vingine hukwaruza mistari ubavuni mwa tofali kuonyesha daraja lake, vingine huandika kwenye plastiki ya paleti peke yake. Plastiki ikishatupwa, ushahidi umeondoka. Na DoP iwe ya kiwango cha Ulaya EN 771-4 kama ni AAC. Ya 771-3 ni ya matofali ya kokoto. Ukipeleka hiyo utarudishiwa barua nyingine.

---

Kutoka: Neema B.

Shikamoo Mzee. Lakini AAC si ndiyo ile iliyofanya shule zifungwe mwaka 2023? Mimi kwangu nisingeiruhusu hata kwenye banda. Mama Nasra, toa yote, wanao wanalala humo.

---

Kutoka: Mzee Shomari

Marahaba. Hapana, Neema. Ile ni RAAC. Herufi moja imezidi na kitu kizima kimebadilika. RAAC ni mbao ndefu za zege jepesi zenye nondo ndani, zilizowekwa zaidi kwenye mapaa bapa tangu miaka ya 1950. Maji yakipenya juu, nondo zinapata kutu, na mbao inaweza kukatika ghafla bila onyo. Tofali la ukutani halina nondo, halining'inii, linabanwa tu kutoka juu. Tofali la AAC limejengewa nyumba tangu miaka ya 1920, alipolibuni Johan Axel Eriksson kule Sweden. Tusimtishe mwenzetu kwa habari ya kitu kingine.

---

Kutoka: Upendo (Marekani)

Poleni huko. Sisi huku mambo ni rahisi zaidi: CMU (tofali la zege) la kiwango cha C90, basi. Tofali lina matundu mawili katikati, unashusha nondo tunduni, unamimina zege laini, ukuta unakuwa kitu kimoja kuanzia msingi hadi juu. Kwenye sehemu za vimbunga na matetemeko hawakuruhusu vinginevyo. Na C90 inataka 2,000 psi, ambayo ni karibu 13.8 kwa hizo N zenu. Sasa nyie mnagombania 7.3? Dada, waambie wakuletee tofali la maana.

Angalizo kwa wanaojenga huku: tofali la nchi 8 kwa 8 kwa 16 ni hivyo kwa jina tu. Kila kipimo kimepunguzwa 3/8 ya nchi ili mota ijae hapo na hesabu ikae sawa. Niliona mtu amechora ramani kwa kipimo cha tofali kavu, milango yote ikakataa kuingia. Na usichukue C129 ukadhani umepata bei nzuri. Hilo ni la kugawa vyumba, halibebi paa.

---

Kutoka: Mzee Shomari

Upendo mwanangu, hizo namba mbili hazilinganishwi hivyo. 13.8 yenu inagawanywa kwa zege lenyewe, matundu yametolewa. Huku nguvu inahesabiwa kwa uso mzima wa tofali, matundu yakiwemo. Tofali lenu likiwa nusu tundu, ukilipima kwa hesabu ya huku utapata karibu 7. Kwa hiyo mnajenga kwa nguvu ileile mnayoibeza.

---

Kutoka: Upendo (Marekani)

Mzee, sijabeza. Nimesema nondo na zege la ndani, na hapo hamjanijibu. Ukuta wa matundu uliojazwa unapinda kidogo na kurudi. Ukuta wenu wa matofali yasiyo na nondo ukisukumwa pembeni unaanguka. Watu wamekufa kwa hilo sehemu nyingi za dunia.

---

Kutoka: Bi Salma

Samahani nawaingilia. Nimesoma haya yote huku moyo unauma, maana najenga nyumbani nikiwa mbali na kila mwezi natumiwa picha za matofali yamepangwa vizuri, mimi nashangilia. Kumbe picha haisemi kitu. Nimekumbuka mlio wa mashine ya kufyatulia, ule mtetemo, na tofali bichi linavyoachwa chini huku pembe zinameguka ukiligusa. Ningependa niwepo tu, nisimame pale niangalie kwa macho yangu.

Swali langu: nitajuaje kama wanaweka saruji ya kutosha? Nimeambiwa mfuko mmoja umetoa matofali 40 ya nchi 6, yasiyo na tundu. Nifurahi au nilie?

---

Kutoka: Rashidi wa saiti

Bi Salma, usifurahi. Piga hesabu nami. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Tofali la 450 kwa 225 kwa 150 lisilo na tundu ni lita 15 na kidogo. Arobaini ni zaidi ya lita 600. Gawanya kwa 35, unapata 17. Na mchanga ukishindiliwa kwenye mashine unapungua, kwa hiyo sehemu za mchanga kwa saruji moja zimepita hapo. Mchanganyiko wa kueleweka ni moja kwa sita, moja kwa nane. Hayo uliyopata ni mchanga uliopakwa rangi ya saruji.

Mwambie aliyeko saiti aangushe moja kutoka usawa wa kiuno juu ya ardhi ngumu. Likisambaratika likawa mchanga, ujue.

---

Kutoka: Mzee Shomari

Hesabu ni sahihi. Hilo la kuangusha ni la kuondoa matofali mabovu kabisa, halimthibitishi yeyote. Bi Salma, omba matofali machache yapelekwe maabara yakagandamizwe, na ayachague mtu wako, asiyachague mfyatuaji.

---

Kutoka: Musa (Donegal, Ireland)

Hapa nilipo mtu haulizi kwa nini mkaguzi anataka karatasi. Nenda uone nyumba zilivyo: nyufa zimetandaa ukutani kama mtandao, pembe ya nyumba unaitoa kwa vidole. Maelfu ya nyumba. Matofali yalitengenezwa kwa mawe yenye maika na madini ya salfaidi, yakauzwa, yakajengewa, watu wakakopa benki kuyanunua. Tofali likiwa jipya lilionekana zima kabisa. Ubovu ulijitokeza baada ya miaka, unyevu ulipoingia.

Jopo la wataalamu lilitoa ripoti 2017. Sheria ya kugharamia ukarabati ilipita 2022, baada ya wananchi kuandamana hadi Dublin. Miaka yote ile katikati familia zimelala ndani ya nyumba inayobomoka huku zinalipa mkopo. Kiwango kiliandikwa vizuri tangu zamani, hakuna aliyekwenda machimboni kuangalia kama kinafuatwa. Serikali zetu na za hawa, ugonjwa ni mmoja: sheria inakaa kabatini mpaka watu wapige kelele. Kwa hiyo dada, BCO anayekusumbua kwa DoP anakufanyia kazi ambayo hapa haikufanyika. Mheshimu.

---

Kutoka: Neema B.

Musa, sikubaliani. Mkaguzi angeuliza hayo kabla ya kozi ya kwanza, si baada ya ukuta kusimama. Alikuja kwenye msingi, paleti zilikuwa pale pale uani. Sisi wageni ndio tunaopewa barua. Jirani yangu kajenga kibaraza kizima bila hata kuombwa risiti.

---

Kutoka: Mama Nasra

Nawashukuru sana wote. Plastiki moja ya paleti imepatikana, fundi alifunikia mchanga. Imechanika lakini jina la kiwanda linasomeka, na kuna "7.3". Nimewaandikia kiwandani waniletee DoP.

Ila paleti zilikuwa mbili, na hiyo ya pili plastiki yake haipo. Sasa namuambia BCO kuhusu paleti moja au zote? Na lile la nani aandike, mimi au SE, naomba mtu anisaidie, maana siku zinakwenda.

---

Kutoka: Rashidi wa saiti

Dada, kagua ubavu wa matofali yaliyobaki uone kama yana mistari. Na mwambie fundi asijaze mota yenye saruji nyingi kwenye AAC. Mota ikiwa kali kuliko tofali, ukuta ukisinyaa ufa unapita katikati ya tofali badala ya kupita kwenye kiungo. Saruji moja, chokaa moja, mchanga sita, inatosha. Na asiyaloweshe kabla ya kupanga. Tofali la kuchoma ndilo linaloloweshwa. Hili likilowa linavimba, likikauka linasinyaa, nyufa hizo.

---

Kutoka: Bi Salma

Rashidi, mbona kule kwangu wanamwagilia kila asubuhi na jioni? Niwakataze?

---

Kutoka: Mzee Shomari

Usiwakataze hata kidogo! Hayo ni mambo mawili. Tofali likitoka kwenye mashine saruji inahitaji maji ili ikomae: lifunikwe, limwagiliwe angalau siku saba, lisipigwe jua kali. Nguvu yake hupimwa siku ya 28. Baada ya hapo liachwe likauke, ndipo lijengewe. Rashidi anazungumzia siku ya kujenga, wewe unazungumzia wiki ya kwanza. Kama mfyatuaji wako ana desturi ya kumwagilia, ana jambo moja zuri. Sasa mbane kwenye saruji.