Nimekwapuliwa simu mara mbili. Nitembeeje bila kumwogopa kila mtu?

Muuliza swali

Habari zenu wakuu. Mwaka huu nimekwapuliwa simu barabarani mara mbili. Hii ya pili ni ya wiki iliyopita, jioni, mwanga bado upo. Nilikuwa namjibu mdogo wangu ujumbe, kidole gumba kiko juu ya kioo, mara mkono mtupu. Pikipiki ilitokea nyuma na sikuisikia kabisa, maana nilikuwa na hedfoni masikio yote mawili.

Tangu siku hiyo nikisikia hatua nyuma yangu moyo unanienda mbio. Juzi nimevuka barabara mara tatu kumkwepa kijana mmoja, kumbe anakwenda kwao. Nilimwona akitoa funguo na kufungua geti. Niliona aibu sana. Zamu zangu mbili kwa wiki zinaisha usiku, na dakika 20 za kutembea sina namna ya kuzikwepa. Mnaotembea usiku, mnajihadhari vipi?

Jibu la 1

Pole sana dada. Simu itapatikana nyingine, bora hukuumia.

Mimi ni mlinzi wa usiku, mwaka wa 11 sasa, kazi yangu ni kukaa getini na kutazama wapita njia. Niliyoyaona ni haya: vibaka wa pikipiki mara nyingi hupita kwanza bila kugusa kitu. Wako wawili, mwendo wa pole, yule wa nyuma anageuza shingo. Halafu wanarudi. Ukiwaona ile mara ya kwanza, simu ikaingia mfukoni nawe ukasogea ukutani, mara nyingi huwaoni tena. Tembea upande ambao magari yanakuja yakikuelekea, mkoba uwe upande wa ukuta.

Kuhusu yule kijana, usione aibu. Kuvuka barabara si kumtukana mtu. Ila nadhani ulivuka bila kumtazama, ndiyo maana hofu haikuisha. Geuka, mtazame sekunde moja tu: mikono yake iko wapi, anakwenda kwa kasi gani. Bado una wasiwasi? Simama mahali penye watu na mwanga. Mwenye safari zake atakupita. Anayekufuata naye atasimama, na hapo una jibu. Ingia ndani palipo na watu, usiende kwako.

Jibu la 2

Mlinzi kamaliza, naongeza moja kwa sababu inaniuma. Shemeji yangu alivaa mkoba kamba imekatiza kifuani, akiamini ndiyo usalama. Pikipiki ilivuta, kamba ikagoma, akaburuzwa hatua kadhaa na bega likateguka. Kitu kikivutwa, achia. Tafadhali achia.

Na simu mpya ukiipata, bonyeza *#06#, zitatokea tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yako. Ziandike kwenye karatasi ibaki nyumbani. Ukiibiwa, kampuni ya simu au polisi watazihitaji.

Jibu la 3

Tembea kwa kujiamini, kifua mbele. Mwaka 1981 watafiti Grayson na Stein waliwaonyesha wafungwa video za watu wakitembea New York, wafungwa wakasema nani ni rahisi kumshambulia. Walioonekana rahisi walitofautiana na wengine kwa mwendo, kwa mfano hatua ndefu mno au fupi mno.

Jibu la 1

Sawa mkuu, lakini yeye kakwapuliwa akiwa hasikii wala haoni. Kifua mbele na macho kwenye kioo havimsaidii. Aanze na masikio.

Muuliza swali

Asanteni sana. Jana nilitoka zamu. Ujumbe wote niliujibu nikiwa bado ndani, simu nikaitia mfuko wa ndani wa koti, hedfoni nikaziacha kwenye kabati kazini. Nilishangaa jinsi usiku unavyosikika: mbwa, jenereta, viatu vyangu mwenyewe.

Kwenye ile kona ambayo taa yake imeungua nikasikia hatua. Nikageuka, nikatazama kama mlivyosema. Ni mama mtu mzima, mikono yote miwili imekumbatia mkoba. Nikamwamkia. Akaitika, akasema, "Mwanangu, nimekuwa nikikufuata wewe tangu kule juu, nimeogopa kupita hapa peke yangu."

Tumekwenda pamoja hadi njia panda. Naye hutoka kazini muda huohuo, siku zilezile mbili. Ijumaa atanisubiri chini ya taa ya mwisho inayowaka.