Godoro la kambi la mwaka mzima, nipo Mombasa: nichukue lipi?

Mkaa Kisauni
Salaam aleikum jamani. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Mimi na wenzangu wawili tumeingiwa na wazimu wa kubeba mabegi na kulala nje kila likizo ikipatikana. Shimba Hills twaenda sana kwa kuwa ni karibu, ukishavuka feri Likoni umeshafika nusu. Taita twaenda tukichoka na joto. Sasa wenzangu wanataka Mlima Kenya, njia ya Sirimon, Januari au Februari inshallah, na hema zetu wenyewe.

Mpaka leo nalalia mkeka wa mazoezi. Shimba haunisumbui. Kule Vuria, kilele cha milima ya Taita, ulinitoa machozi: begi la kulalia zuri, soksi mbili, na bado ubavu ulioshika chini ulikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Nataka godoro moja la kubeba litakalofaa kote. Nimebakiwa na machaguo matatu: la sponji ngumu la kukunja (Z Lite Sol), yale ya sponji ndani yanayojijaza ukifungua valvu, na la kupuliza lenye kinga ya baridi (XLite NXT au XTherm NXT). Nalala kwa ubavu na mwili ninao. Na hiyo R inayotajwa kila mahali, ikiwa kubwa si nitapikika Shimba?

Bure Aghali
Yakhe, nenda Kongowea ukatiwe sponji ya godoro, ifunge kamba, maisha yaendelee. Babu zetu walilala juu ya jamvi.

Mpagazi wa Zamani
Babu zetu hawakulala Shipton's, kambi ya juu kule Mlima Kenya, kwa raha zao.

Sikiza kijana. Begi la kulalia linatia joto kwa sababu ya hewa iliyokaa katikati ya manyoya. Upande ulioulalia, uzito wako umeibana ile hewa ikatoka, kwa hiyo chini yako ni kama huna begi. Kilichobaki kati ya ubavu na ardhi ni godoro peke yake, ndiyo hali iliyokukuta Vuria, na Vuria yenyewe ni mita 2,208 tu. Hata kile kiwango cha baridi kilichoandikwa kwenye begi hupimwa likiwa juu ya godoro lenye kinga. Ukililaza juu ya mkeka wa mazoezi, usililaumu.

R ni uwezo wa godoro kuzuia joto lisipite. Z Lite Sol ni 2.0, XLite NXT ni 4.5, XTherm NXT ni 7.3. Ukikuta la mtumba la zamani usiiamini sana namba yake, maana kipimo cha pamoja kiitwacho ASTM F3340 kilitoka 2018. Kabla ya hapo kila kampuni ilipima ijuavyo.

Na usinunue la kupuliza lisilo na kinga, lile la kuchezea baharini. Nimewaona wageni nalo. Hewa tupu ndani yake huzunguka, inachukua joto mgongoni na kwenda kulimwaga chini. Lenye kinga lina karatasi zinazong'aa au nyuzi ndani za kuizuia isizunguke.

Sasa hesabu ya mlima. Kambi za njia ya Sirimon: Old Moses iko mita 3,300, Shipton's mita 4,200. Hewa hupoa kama nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1,000. Mombasa usiku ikiwa nyuzi 25, Shipton's uko kwenye sifuri au chini ya hapo, na Januari anga likiwa wazi ndiyo baridi hukaza zaidi. R ya 2 peke yake haitoshi. Ile ya 4.5 yatosha kwa mtu asiyeona baridi haraka. Mkighairi hema mkalala kwenye vibanda, vitanda vyake vina magodoro, basi hela yako ibaki mfukoni.

Binti Mwatate
Shikamoo mzee, umesema kweli tupu. Naongeza jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: R hujumlishwa. Mimi nina la kupuliza la 4.5 na la sponji ngumu la 2.0. Nyumbani Taita nabeba moja, mlimani nalaza sponji chini na la kupuliza juu, jumla 6.5. La kupuliza likitoboka usiku, bado kuna kitu chini yangu. Kwa hiyo kaka, wazo la godoro moja la kote ndilo ninalolipinga. Nunua mawili mepesi. Yote pamoja hayafiki kilo moja.

Kuhusu kupikika: R kubwa huzuia joto lako lisiende ardhini, haizalishi joto. Kinachoudhi Shimba ni plastiki kunata kwenye ngozi yenye jasho. Tandika leso juu, basi.

Bure Aghali
Na sponji ya Kongowea je? Hamjanijibu.

Fundi wa Tudor
Inanyonya maji, bwana. Mvua ikiingia hema utalalia chapati iliyoloa. Sponji ya kambi ni ile ngumu yenye vitundu vilivyoziba, maji hayaingii.

Mkaa Kisauni, wewe adui yako wa kweli ni hewa ya hapa. Yale yanayojijaza yenyewe yana sponji laini ndani, na pumzi yako imejaa maji. Ukilipuliza kwa mdomo, ukalikunja, ukalitupa juu ya kabati, miezi ya mvua litaota ukungu ndani na hakuna dawa. Mimi nimeletewa la namna hiyo: nje jipya, ukifungua valvu harufu ya pango la popo. Tumia mfuko wa kupulizia, na nyumbani liache limenyooka, valvu wazi, mbali na jua la dirishani.

Jambo jingine: likipulizwa saa kumi alasiri likakaza, saa nane za usiku litakuwa limelegea. Halijatoboka. Hewa ikishuka kutoka nyuzi 25 hadi sifuri hupungua karibu asilimia 8. Ongeza pumzi kidogo ulale. Ukishuku kweli, lizamishe kwenye beseni la maji kipande kwa kipande uangalie mapovu, likauke, futa kwa spiriti, ndipo ubandike kiraka.

Mkaa Kisauni
Allah awalipe. Basi XLite NXT na sponji ya kukunja. Shemeji anarudi kutoka Uingereza, nimwagize lipi, la kawaida au pana?

Binti Mwatate
Unalala ubavu na mwili unao, chukua pana. La kawaida ni sentimita 51, kiwiko kitalala nje juu ya baridi. Pana ni 64. Na umwambie shemeji mfuko wa kupulizia na viraka vimo humo humo ndani, asije akavitupa pamoja na boksi ili apunguze mzigo.