Mulholland Drive, Touki Bouki au Kati Kati: ipi ya kurudia?

JichoLaSouthB

Wapenzi wa sinema, salaam. Kikundi chetu kinakutana tena Jumamosi jioni hapa South B, Nairobi, sebuleni, kwa projekta ya kuazima na shuka jeupe ukutani. Safari hii hatutaki kitu kipya. Tunarudia filamu iliyowaacha watu wakikuna vichwa mara ya kwanza. Zimebaki tatu: Mulholland Drive ya David Lynch (2001), Touki Bouki ya Msenegali Djibril Diop Mambéty (1973) na Kati Kati ya Mkenya mwenzetu Mbithi Masya (2016).

Nimezirudia zote, na kura yangu iko kwa Touki Bouki. Mulholland Drive mara ya kwanza ilinilaza taa ikiwaka. Sasa hofu imepungua, nimeanza kuona mishono. Lynch aliipiga kwanza iwe mfululizo wa televisheni. Kituo cha televisheni cha Marekani, ABC, wakaikataa, na ni pesa za Wafaransa wa StudioCanal zilizomwezesha kuongeza sehemu ya mwisho ikawa filamu kamili. Ukishajua hayo, wale wapelelezi wanaojitokeza mwanzoni kisha wasionekane tena unawaelewa: walikuwa wanangoja vipindi ambavyo havikuja. Watu wanaita fumbo, mimi naita kiraka.

Touki Bouki haikupi cha kufumbua. Mory, kijana aliyekuwa mchungaji wa ng'ombe, anaendesha pikipiki iliyofungwa fuvu la ng'ombe na pembe zake mbele ya usukani. Yeye na Anta, mwanafunzi wa chuo kikuu, wanataka kutoka Dakar waende Paris. Nauli hawana, wanaanza kuiba. Hadithi yote ndiyo hiyo, lakini kila nikirudi naona kingine.

Kati Kati naipenda, ila nahisi ilishasema yote mara ya kwanza. Nipingeni.

mjukuu_wa_Pumwani

Buda, nduthi yenye pembe ni moto, hapo sina neno. Swali langu ni la usafiri wa matatu. Mulholland ni dakika 147. Mkianza saa moja na nusu, bado kuna wale wa kuchelewa na chai, halafu ule mjadala wenu usioisha. Mtu wa Rongai atafika kwake saa ngapi? Kati Kati ni dakika 75. Kura yangu imeenda huko, sina aibu.

BiTumu

Mwanangu JichoLaSouthB, kiraka kikishonwa na fundi ajuaye kazi yake huwa ndiyo pambo la nguo.

Wengi mara ya kwanza hulitazama lile sanduku la buluu na ufunguo wake wakidhani ndani mna jibu. Lynch mwenyewe aliwachochea, maana DVD ilitoka na orodha ya vidokezo kumi, watu wakageuka askari kanzu. Mimi nilipoirudia niliviweka vidokezo kando nikamtazama mwigizaji Naomi Watts peke yake, anayeigiza Betty. Betty anafanya mazoezi ya mazungumzo yake nyumbani na mwenzake, kwa ukali wa kubuni, wanaishia kucheka. Kisha anakwenda kusailiwa mbele ya watayarishaji. Maneno ni yaleyale, lakini sasa anayasema kwa kunong'ona, amemkaribia yule mwanamume kiasi cha kuwatia wote chumbani haya. Hapo ndipo nilipotambua kwamba msichana niliyemdhania mshamba alikuwa na mengi aliyoyaficha. Baadaye Watts huyohuyo akiwa Diane, sura ni ileile, imesinyaa. Anayetafuta ufunguo hana nafasi ya kuyaona haya.

Na ile klabu ya Silencio je? Umeambiwa waziwazi kwamba hakuna bendi, kila kitu ni kanda iliyorekodiwa. Rebekah Del Rio anaimba kwa Kihispania, unaanza kulia. Anaanguka, wimbo unaendelea, na machozi yako pia yanaendelea. Nitajie mahali ambapo Touki Bouki imenifanyia hivyo.

FundiKukata

Mimi kazi yangu ni kuhariri video, nyingi za harusi na ruracio (sherehe za mahari), kwa hiyo nitasema kuhusu sauti tu.

Touki Bouki mara ya kwanza hutazamwa kwa macho, ya pili isikilizeni. Mambéty mara nyingi haweki sauti ya kile unachokiona. Mwimbaji Josephine Baker anaisifu Paris kwa kipande kilekile cha wimbo, tena na tena, huku kwenye picha kuna vumbi na jua kali la Dakar. Mara ya kwanza unacheka. Kikirudi tena na tena kinaanza kukera, na kukera huko ndiko kulikokusudiwa: hiyo Paris iko kichwani mwa hawa vijana, imekwama pale inajirudia. Halafu mngurumo wa pikipiki, ng'ombe, bahari, vyote vinaingiliana mpaka hujui umekaa kwenye mandhari gani. Mimi mteja wangu angerudisha kazi kama hiyo siku hiyohiyo, na Mambéty hakuwa hata amesomea filamu, alitokea kwenye uigizaji wa jukwaani.

Onyo, na tafadhali lisipuuzwe: mwanzoni kuna machinjio. Ni ng'ombe wa kweli na damu ya kweli, kamera haigeuki. Aliyewahi kupita machinjio ya Dagoretti asubuhi anajua, lakini wako wageni watakaotoka nje. Waambieni mapema.

Na tafuteni nakala iliyokarabatiwa 2008 chini ya mradi wa mwelekezi Martin Scorsese. Zile za zamani zilizopauka zinaiua rangi, na bila rangi filamu hii imepoteza nusu yake.

JichoLaSouthB

Bi Tumu, shikamoo. Silencio sitaigusa, pale umenifunga mdomo.

Lakini umeniuliza wapi. Wakishamwibia tajiri yule nguo na gari, gari lenyewe limepakwa nyota na milia ya bendera ya Marekani, Mory anajiona ameshafaulu. Ghafla uko kwenye msafara mkubwa. Umati unashangilia, na shangazi aliyekuwa akimdai na kumtukana sasa anamwimbia sifa. Mory hajafika popote, hata meli hajaiona. Mara ya kwanza nililichukulia kama njozi za vijana. Nilipolirudia nilikuwa nimetoka kukwama barabarani kwa sababu ya msafara wa mwanasiasa mmoja, mwili nusu umetokeza juu ya paa la gari, ngumi hewani, akina mama wanapiga vigelegele. Njozi ya Mambéty ya 1973 ilikuwa sahihi zaidi ya taarifa ya habari ya saa moja usiku. Sikulia kweli, ila sikuweza kuketi.

Kinyozi_Umoja

Ndugu zangu, mnaisahau Kati Kati kwa sababu ni ya nyumbani.

Kaleche anazinduka nyikani, amevaa gauni la hospitali, hakumbuki hata alivyofika pale. Anatembea mpaka kwenye loji, anakuta watu wanaomwambia kwamba amekufa, wao pia wamekufa. Ukitaka kitu unakiandika, unakipata. Kutoka ndiyo haiwezekani. Sasa fikirieni: Mnairobi loji anaijua kama mahali pa semina ya ofisi, chai ya saa nne, sambusa mbili na bahasha ya posho. Huyu mwelekezi akaigeuza kuwa ahera! Ukali wa wazo uko hapo. Bwawa la moto tungelizoea.

JichoLaSouthB unasema ilishasema yote. Mimi niliporudia nilimtazama Thoma, yule mwenyeji mcheshi. Ukishajua anachokibeba, kila mzaha anaoutoa mwanzoni unageuka. Na ilishinda tuzo ya wakosoaji wa filamu, FIPRESCI, kwenye tamasha la Toronto, kisha Kenya ikaipeleka kugombea Oscar. Sisi tunaidharau sababu tunawajua waigizaji kwa sura.

FundiKukata

Kinyozi, Kati Kati ni nzuri lakini inajieleza sana. Kila mtu ana dhambi yake, dhambi inafichuliwa, imekwisha. Kanuni zikishajulikana naona kama nasoma mpango wa somo. Picha za mtu mmojammoja ni kali, hilo nakupa.

Kinyozi_Umoja

Kujieleza ni kosa lini? Nikitoka kazini usiku miguu inauma, nataka mtu anieleze.

BiTumu

Marahaba, JichoLaSouthB. Hoja ya msafara nimeikubali nusu. Nusu ya pili ni Mory mwenyewe. Ameshafika bandarini, Anta yuko melini, na yeye anageuka anakimbia kurudi mjini. Nilipoitazama mara ya kwanza nilimwona mwoga. Kuna atakayenishawishi vinginevyo?

JichoLaSouthB

Nitajaribu. Tafuteni Mille soleils ya 2013, kazi ya Mati Diop, binti wa mdogo wake Mambéty. Anamfuata Magaye Niang, aliyemwigiza Mory, amezeeka, bado yuko Dakar na ng'ombe wake. Aliyemwigiza Anta alikwishaondoka, anampigia simu hadi Alaska. Tangu niione hiyo siwezi kumwita Mory mwoga. Ila sijui nimwite nani, na ndiyo sababu nataka kuirudia nikiwa na watu.

BiTumu

Binti kumtetea mtoto wa filamu ya baba yake mkubwa, huo ni ushahidi wa kifamilia. Nitakuja, lakini sijabadilisha kura. Mwezi ujao ni Mulholland, na watu wa Rongai walale hukohuko.

mjukuu_wa_Pumwani

Shosh, nani atatupikia asubuhi?

JichoLaSouthB

Basi: Jumamosi Touki Bouki, saa kumi na mbili na nusu kamili, machinjio yatatangazwa mlangoni. Kinyozi, Kati Kati tutaipanga jioni ya katikati ya wiki, wewe ndiwe utakayeitambulisha. FundiKukata, kwa hayo uliyosema kuhusu sauti, spika ni juu yako.

FundiKukata

Naleta mbili. Yule jirani yako wa juu mwambie mapema.